Dakika 25 za Chiara Badano

Ukisoma habari za Chiara Badano, binti Mwitalia ambaye Kanisa Katoliki limemtangaza mwenyeheri, karibu kila mwandishi anaanzia kwenye tabasamu. Siwalaumu. Picha yake inayojulikana zaidi ni ya binti mwenye macho maangavu na uso wa mtu aliyetoka kupewa habari njema, na ukishajua kwamba saratani ya mifupa ilimwua wiki tatu kabla hajatimiza miaka 19, huwezi kuitazama ukapita hivi hivi. Kuna wakati niliwaonyesha vijana wa parokia picha hiyo. Ikapita mkono kwa mkono mpaka ikamfikia binti mmoja, akaitazama sana, akairudisha, akasema: "Huyu alizaliwa hivyo. Mimi naogopa hata sindano."

Maneno yale yalinifanya niisome habari yake upya, safari hii nikitafuta mahali ambapo Chiara hatabasamu. Papo. Ni dakika 25, kitandani, nyumbani kwao, mapema mwaka 1989. Kwenye mahubiri na vijitabu dakika hizo hupewa sentensi moja tu, kisha msimulizi anakimbilia mwanga na furaha. Mimi naona mambo yote mengine aliyoyafanya yamesimama juu yake, na ukiziruka unabaki na malaika, si binti wa watu.

Chiara alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1971 huko Sassello, mji mdogo wa milimani katika mkoa wa Liguria, kaskazini-magharibi mwa Italia. Baba yake, Ruggero, alikuwa dereva wa lori. Yeye na mkewe, Maria Teresa, walikuwa wamekaa kwenye ndoa miaka 11 bila mtoto, na Ruggero alikuwa amekwenda kumwomba Bikira Maria mtoto katika madhabahu moja ya hija. Akapatikana Chiara, naye akawa wa pekee. Mtoto aliyeombwa hivyo kwa kawaida hudekezwa, lakini mama yake hakuwa wa kudekeza. Inasimuliwa kwamba siku moja Chiara aliingia nyumbani na tofaa alilochuma shambani kwa jirani bila ruhusa. Mama akamwambia alirudishe na aombe radhi. Mtoto akaona aibu, akasita, mwishowe akaenda. Jioni jirani akaja na sanduku zima la matofaa. Siku nyingine aliombwa achague vitu vya kuchezea vya kuwapa watoto maskini, naye akatenga vile vipya, akieleza kwamba huwezi kumpa kitu kibovu mtoto asiye na kitu.

Visa kama hivi vya utotoni huwa navisoma kwa tahadhari, maana wasimulizi wa maisha ya watakatifu wanapenda kuonyesha kwamba mtu alikuwa mtakatifu tangu kwenye nepi. Kinachonifanya nimwamini Chiara ni mambo ya baadaye, yale ambayo hayapendezi sana.

Mwaka 1981, akiwa na miaka 9, alikutana na Harakati za Wafokolari, harakati za Kikatoliki zilizoanzishwa na Chiara Lubich mjini Trento mwaka 1943 wakati mabomu ya vita yakianguka. Alijiunga na kundi la watoto na vijana wa harakati hizo, akaanza kuandikiana barua na Lubich mwenyewe, na tabia hiyo hakuiacha hadi mwisho. Mwaka 1985 familia ilihamia Savona, mji wa pwani, ili asome sekondari. Alichagua mchepuo wa Kilatini na Kigiriki. Huko akafeli, akatakiwa kurudia mwaka. Baadhi ya wanafunzi wenzake walimtania kwa sababu ya dini yake, wakamwita mtawa.

Kufeli kulimuuma sana. Na hapa ndipo nilipoanza kumpenda, kwa sababu hakuandika kwamba alifurahi kuteswa kwa ajili ya Kristo. Katika barua moja alikiri kwamba hakuweza kumtolea Yesu uchungu ule mara moja, na kwamba ilimchukua muda kusimama tena. Alikuwa na miaka isiyozidi 15. Kijana wa umri huo anayeandika "ilinichukua muda" ana ukweli ambao watu wazima wengi wa kanisani hatuna. Sisi tukipigwa na jambo tunakimbilia kusema "Mungu ni mwema" kabla hata machozi hayajashuka.

Zaidi ya hapo alikuwa binti wa kawaida. Alicheza tenisi, aliogelea, alipenda milima, aliimba, alipenda kucheza muziki na kutoka na marafiki. Mama yake aliwahi kumwuliza kama anawaambia rafiki zake habari za Mungu. Akajibu kwamba hapana, hawahubirii. Mama akashangaa. Chiara akamweleza kwamba kusema siyo kitu kikubwa, la muhimu ni namna unavyomsikiliza mtu, unavyovaa, unavyosalimia, na juu ya yote unavyompenda. Nina marafiki walei ambao wangepaswa kubandika maneno hayo kwenye kioo cha gari, badala ya vile vibandiko wanavyobandika.

Mwaka 1988, akiwa uwanjani anacheza tenisi, alisikia maumivu makali kwenye bega la kushoto. Mwanzoni halikuonekana jambo la kutisha. Nani ataogopa bega la mchezaji wa tenisi mwenye miaka 16? Maumivu hayakwisha. Vipimo vilipofanyika vya kutosha, jina lilipatikana: osteosakoma.

Ngoja niseme kidogo kuhusu ugonjwa huu, kwa sababu nimekaa karibu nao. Osteosakoma ni saratani ya mifupa inayowapata zaidi vijana, hasa katika miaka ile ambayo mtoto anarefuka haraka. Inapenda kukaa kwenye ncha za mifupa mirefu, penye ukuaji mwingi: karibu na goti mara nyingi, na mara nyingine juu ya mkono, begani. Kwa kuwa vijana wanaruka, wanacheza na kuanguka kila siku, maumivu yake yanafichika kirahisi nyuma ya visingizio vya michezo. Wanaambiwa wameteguka, wanapakwa dawa ya kuchua, wanapewa vidonge vya maumivu. Dalili ya kuitilia maanani ni maumivu ya mfupa yasiyokwisha, yanayozidi siku hadi siku, yanayomwamsha mtoto usiku, hasa yakiandamana na uvimbe. Hayo hayachuliwi. Yanapigwa picha.

Kabla ya miaka ya 1970 tiba ilikuwa hasa kukata kiungo, na hata hivyo wagonjwa wengi walikufa, kwa sababu mbegu za saratani zilikuwa zimeshasafiri na damu hadi kwenye mapafu bila kuonekana. Tiba ya kemikali ilipoongezwa juu ya upasuaji mambo yalibadilika sana. Leo, ugonjwa ukikutwa haujasambaa na tiba ikipatikana yote, wagonjwa kama sita au saba katika kila kumi wanaweza kupona. Ukiwa umeshasambaa, hesabu hiyo inashuka vibaya. Chiara alitibiwa katika mji wa Turin, kwenye hospitali zenye madaktari wazuri, kwa dawa za wakati wake. Alifanyiwa upasuaji, akaanzishiwa dawa. Matumaini yalikuwa madogo.

Sasa zile dakika. Siku ile Chiara alikuwa amekwenda hospitali, na mama yake alibaki nyumbani kwa sababu alikuwa na tatizo la mishipa ya mguu lililomzuia kusafiri. Madaktari walikuwa wamemweleza binti hali yake ilivyo. Mama akamwona anarudi, anatembea polepole. Akamwuliza imekuwaje. Chiara akajibu: "Sasa hivi usiseme kitu, mama." Akapita, akajitupa kitandani vilevile alivyokuwa na nguo zake, akafumba macho.

Mama akakaa. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia mwanawe, kama mzazi yeyote angekuwa nayo, na hakuruhusiwa kusema hata moja. Alimtazama tu usoni, akaona vita inavyopiganwa mle ndani. Zikapita dakika 25. Kisha Chiara akamgeukia, tabasamu lake la siku zote limerudi, akasema: "Sasa unaweza kusema, mama."

Baadaye aliifupisha sala yake katika maneno machache ambayo Wafokolari wote wanayajua: ukitaka wewe, Yesu, nami nataka. Aliyarudia nywele zilipoanza kunyofoka kichwani, kila fungu akilitolea kwa jina la Yesu. Mama yake amesimulia pia kwamba baada ya siku ile hakumwona akirudi nyuma.

Nimezungumza na watu wanaoamini kwamba imani ya kweli ingekubali palepale mlangoni. Yaani angeingia akitabasamu. Siafikiani nao kabisa. Ukiyatazama Maandiko yenyewe, Yesu alikaa Gethsemane usiku, akatoka jasho, akaomba kikombe kiondoke, akarudi kwa wanafunzi wake, akaenda tena kuomba maneno yaleyale. Mathayo anasema aliomba mara tatu. Kama Mwana wa Mungu alihitaji mara tatu, sioni kwa nini binti wa Savona ahesabiwe dakika. Kitu kimoja zaidi: mle chumbani hakukuwa na mtu wa kumwambia "jikaze". Alipewa nafasi. Mama alinyamaza alipoambiwa anyamaze, na kwa mzazi hiyo ni kazi ngumu kuliko kuhubiri.

Naandika hili nikiwa na kijana wangu kichwani. Mtoto wa dada yangu alipata saratani hiyohiyo, mguuni, akiwa na miaka 16. Alikuwa kijana wa altareni, anayejua majibu ya misa kuliko baadhi yetu. Katika miezi yake ya mwisho wodini alitembelewa na kila aina ya watu wa sala. Wengi walimjenga. Lakini alikuja mama mmoja na wenzake, wakaomba kwa sauti kubwa, wakamwekea mikono, na walipomaliza yule mama akamwambia dada yangu, mbele ya mtoto, kwamba uponyaji umeshatolewa tayari, asipopona ujue kuna mahali imani imelegea. Wakaaga, wakaondoka. Mtoto alikuwa kimya, amegeukia ukutani. Nilidhani amelala. Dada alipotoka kwenda kuchota maji ya moto, akaniuliza bila kugeuka: "Mjomba, ni imani yangu au ya mama?"

Nilimwambia si yake wala si ya mama yake. Nikamwambia ni mguu. Sikujua kusema zaidi, na mpaka leo sidhani kama kulikuwa na zaidi. Alicheka kidogo.

Ndiyo maana huwa nakasirika nikisikia habari za Chiara zikitumiwa kama rungu la kuwapigia wagonjwa. Chiara hakupona. Aliombewa na maelfu ya watu, alikuwa na imani ambayo Kanisa lenyewe baadaye lilitamka kuwa ya kishujaa, na hakupona. Mtu akikuambia kwamba ugonjwa unadumu kwa sababu imani ni haba, mwulize amemweka wapi Chiara.

Tukirudi Turin: kule hospitali alikutana na msichana mwingine mgonjwa, aliyekuwa na uraibu wa dawa za kulevya na sonona nzito. Chiara, ambaye kutembea kwenyewe kulikuwa kunamtesa, alikuwa anainuka kitandani na kumsindikiza huyo mwenzake kwenye korido, huku na huku, kwa muda mrefu. Wazazi walipomsihi apumzike, alijibu kwamba muda wa kulala atakuwa nao baadaye. Kila nikilisoma jibu hilo naona limejaa utani wa mtu mgonjwa, ule utani ambao ukizoea wodi utaujua, na unaowatisha wageni.

Ugonjwa ulishuka hadi akapoteza nguvu za miguu. Kwa msichana aliyekimbia na kupanda milima hilo halikuwa dogo. Alisema kwamba angetakiwa kuchagua kati ya kutembea na kwenda mbinguni, angechagua mbinguni.

Na hapa nafika kwenye jambo ambalo naona linahitaji kusemwa wazi. Inajulikana kwamba Chiara alikataa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Alisema inampunguzia ufahamu, na kwamba kitu pekee alichobaki nacho cha kumtolea Yesu ni maumivu yake. Ni uamuzi wake, nauheshimu, na sitaki mtu auguse. Lakini nimesikia watu wakiuchukua na kuufanya sheria. Nimemsikia mtu akimwambia mgonjwa asikubali "ile dawa" kwa sababu watakatifu hawakuitumia. Huo si ukatoliki, ni ukatili uliovalishwa rozari. Papa Pius XII alilitolea jibu swali hilo mwaka 1957 alipozungumza na madaktari wa usingizi: kutuliza maumivu makali kwa dawa kunaruhusiwa, hata kama dawa inapunguza ufahamu na hata kama inaweza kufupisha maisha bila hilo kukusudiwa. Mwaka 1995 Yohane Paulo II alirudia mafundisho hayo katika waraka wake juu ya uhai. Mkristo anayetaka kubaki macho mbele ya maumivu yake anasifiwa, ila halazimishwi, wala hamlazimishi mwingine. Mwana wa dada yangu alipewa mofini. Ilimpa usiku wa kulala na asubuhi za kuzungumza. Namshukuru Mungu kwa kila tone.

Ruggero, baba yake Chiara, alikuwa na wasiwasi wa aina nyingine, na kwa kweli ndiye ninayefanana naye zaidi katika habari hii yote. Alikuwa anajiuliza kama furaha ile ya binti yake ni ya kweli au ni onyesho la kuwatuliza wazazi. Basi akawa anakwenda mlangoni kwa chumba cha mgonjwa, anainama, anachungulia kwenye tundu la ufunguo, aone kama uso unabadilika akiwa peke yake. Mwanamume mzima, dereva wa lori, ameinama mlangoni kwake mwenyewe. Haukubadilika, alisimulia. Mimi simhukumu hata kidogo kwa kuchungulia. Baba anayempenda mtoto hawezi kuridhika na maneno "niko sawa, baba".

Na Chiara naye alikuwa anawachungulia wazazi, kwa namna yake. Aliona wanazunguka kitanda chake mchana na usiku, akajua kwamba siku akiondoka watabaki watu wawili ambao wamesahau kuwa mume na mke. Siku ya wapendanao aliwafanyia mpango wa chakula cha jioni mgahawani, akawafukuza nyumbani, akawaambia watazamane machoni na wasirudi kabla ya usiku wa manane. Wakaenda. Sijui kama kuna kitendo cha upendo katika maisha yake kinachonigusa kuliko hiki, pamoja na vile vikubwa vinavyotajwa zaidi. Anayekufa anawafundisha wazazi kuishi bila yeye, na anawafundisha kwa kuwatuma wakale.

Alikuwa na ndoto ya udaktari na ya kuja Afrika kuhudumia watoto. Ndoto hiyo ilipokufa hakuiacha itoke mikono mitupu. Rafiki yake mmoja alikuwa anakuja huku kwa kazi ya kimisionari, na Chiara akampa akiba yake yote ya pesa, akisema yeye hazihitaji tena, anacho kila kitu. Sisi tunaosoma habari hii tukiwa upande huu wa bahari tuna haki ya kutabasamu kidogo hapo. Bara letu limezoea kuonekana kwenye maisha ya watakatifu wa Ulaya kama mahali pa watoto wa kusaidiwa. Lakini siwezi kumhukumu msichana wa miaka 18 kwa ramani aliyopewa. Alitoa alichokuwa nacho, na kilikuwa chote.

Madaktari nao hawakutoka salama. Mmoja wao, aliyekuwa na mashaka mengi juu ya Kanisa, alisema kwamba tangu amjue Chiara kuna kitu kimebadilika ndani yake, kwamba pale alikuta ukristo unaolingana na maneno yake. Askofu mkuu wa Turin, Kardinali Saldarini, alipofika wodini alimwuliza mwanga ule wa machoni unatoka wapi. Chiara akajibu kwamba anajitahidi kumpenda Yesu. Anajitahidi. Kiitalia alichotumia ni cha mtu anayejaribu, na jibu la kwenye vijitabu vya watakatifu lingekuwa refu zaidi.

Katika mwaka wake wa mwisho Chiara Lubich alimpa jina jipya katika barua, Luce, yaani mwanga. Tangu hapo Wafokolari humwita Chiara Luce.

Maandalizi ya mazishi aliyasimamia mwenyewe kama maandalizi ya arusi. Alichagua nyimbo, akachagua masomo, akataka avikwe gauni jeupe. Kwa kuwa yeye hakuweza kusimama, rafiki yake alilivaa mbele yake ili aone limekaaje. Nimejaribu kumfikiria yule rafiki. Kila mtu anamwandika Chiara aliyelala kitandani akikagua pindo la gauni, na hakuna anayemwuliza binti mwingine, mwenye afya, aliyezungushwa chumbani ndani ya sanda ya rafiki yake, alilala vipi usiku ule. Chiara alimwagiza mama yake pia kwamba atakapokuwa anamvika, asilie, awe anarudia: sasa Chiara Luce anamwona Yesu.

Alifariki Jumapili alfajiri, tarehe 7 Oktoba 1990, siku ambayo Kanisa linamkumbuka Bikira Maria wa Rozari. Maneno ya mwisho yalikuwa kwa mama: "Mama, uwe na furaha, kwa sababu mimi ninayo. Kwaheri." Alikuwa ameomba konea zake zitolewe. Konea, ule utando mwangavu wa mbele ya jicho, haina mishipa ya damu, ndiyo maana mara nyingi hata mgonjwa wa saratani anaweza kuitoa wakati viungo vingine haviwezekani. Vijana wawili walipandikizwa macho yale ambayo kardinali aliyaulizia.

Hatua za kumtangaza mtakatifu zilianza katika jimbo lake la Acqui mwaka 1999, zikisukumwa na Askofu Livio Maritano aliyemfahamu. Julai 2008 alitangazwa kuwa na fadhila za kishujaa. Desemba 2009 ulikubaliwa muujiza, wa mvulana wa Trieste aliyekuwa anakufa kwa homa kali ya uti wa mgongo na ambaye wazazi wake walijulishwa habari za Chiara wakaomba kwa maombezi yake. Tarehe 25 Septemba 2010 akatangazwa mwenyeheri katika madhabahu ya Bikira Maria wa Upendo wa Mungu, Roma. Kumbukumbu yake ni tarehe 29 Oktoba, siku aliyozaliwa.

Siku hizi vijana wengi wanamjua zaidi Carlo Acutis, aliyekufa kwa leukemia huko Monza mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Hakuna ubaya. Carlo aliondoka kwa siku chache tu. Ugonjwa ulikuja kama mafuriko. Chiara alipewa takriban miaka miwili ya kufa, na ninapozungumza na familia zenye mgonjwa wa muda mrefu, ni yeye ninayemtaja kwanza. Dada yangu bado hajamsamehe Mungu kwa yule mvulana wa Trieste. Aliniuliza kwa nini maombi ya binti aliyekufa kwa saratani ya mfupa yamponye mtoto wa watu na yasimguse mwanawe mwenye saratani hiyohiyo. Sikumjibu, na nimemwomba paroko naye asimjibu mpaka atakapoulizwa tena.

Miaka baada ya mazishi, Ruggero na Maria Teresa walisafiri sana wakisimulia maisha ya mtoto wao kwa vijana. Zile dakika 25 tunazijua kwa sababu mama alizisimulia. Alikuwa peke yake chumbani na binti yake. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Ruggero naye ndiye aliyewaambia watu habari za tundu la ufunguo.